Nyanzala Aliyekataa Kunyoosha Mkono

Mimi na Nyanzala tulijuana kwa ugomvi. Ng'ombe wa mume wake, Machibya, waliingia kwenye mpunga wangu bondeni, wakala, wakakanyaga, mpaka sikujua lipi shamba na ipi njia. Nilikwenda nyumbani kwao na jembe mkononi na maneno mengi mdomoni. Nilimkuta ameketi anasukasuka maziwa kwenye kibuyu. Hakuacha kazi yake. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi, kisha akanisogezea kigoda.

"Mama, haki yako," akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Keti kwanza."

Nikaketi. Tangu siku ile mimi Pelagia, Mpimbwe niliyeolewa pande za Kakese, nikawa na rafiki Msukuma.

Yeye na mumewe walikuwa wamehamia kijijini kwetu Ikokwa kutoka Maswa, wakifuata majani. Wenyeji waliwaita wageni, na "wageni" likabaki jina lao hata baada ya watoto wao kuzaliwa hapa na kubatizwa hapa. Habari ya mpunga wangu ilifika kwa mwenyekiti wa kijiji, Maximilian. Alimtoza Machibya ndama dume. Yule ndama alikwenda kwa mwenyekiti, na mimi mwenye shamba sikuona hata mkia.

"Mbona hamuulizi?" Nyanzala aliniuliza siku moja tukichota maji mtoni.

"Tumuulize nani? Ndiye mwenyekiti."

"Si mlimchagua nyie?"

Nilicheka, maana yeye mwenyewe alikuwepo. Uchaguzi wetu ulifanyika mbele ya ghala la kijiji. Mwenyekiti alisimama juu ya gogo, katibu akapaza sauti: wanaomtaka Maximilian wanyooshe mikono! Mikono ikapanda. Jicho la Maximilian lilikuwa linapita taratibu, kichwa baada ya kichwa, na mkono uliobaki chini ulionekana kuliko uliopanda. Mwenye ng'ombe alihitaji kibali chake kupeleka mnyama mnadani. Mwenye jembe alihitaji agawiwe bonde. Nani angeuacha mkono chini?

Mwaka 1991 redio ikatangaza kwamba kuna tume inazunguka nchi nzima kuwauliza wananchi: tubaki na chama kimoja, au tuwe na vyama vingi? Siku ya Mpanda, mji wetu wa wilaya, ikatajwa. Kijijini watu walibishana hadi kwenye vilabu vya pombe. Wengi waliogopa. Kambi za wakimbizi wa Burundi, Katumba na Mishamo, hazikuwa mbali nasi. Tuliwajua wale watu, tulisikia walichokimbia. Tulisema, vyama vingi si ndiyo mwanzo wa kugawanyika? Hata mimi nilikuwa upande huo.

Nyanzala alisema, "Mimi nakwenda mjini kuwasikia."

Machibya hakutaka. Alisema mambo ya serikali ni ya wanaume, na mwanamke wa kuja atasema nini mbele ya wenyeji. Nyanzala hakubishana naye. Aliamka alfajiri, akapika uji, akawaachia watoto chakula cha mchana, akajifunga khanga yake mpya, akanipitia. Tukatembea. Tulipofika Makanyagio, mtaa wa hapo Mpanda, jua lilikuwa limeshapanda, tukanawa miguu kwa binamu yangu mwenye duka dogo la chumvi na sabuni, tukaenda mkutanoni.

Watu walijaa. Wajumbe wa tume waliketi nyuma ya meza ndefu, mmoja anaandika. Waliozungumza mwanzoni walikuwa watu wa mjini, wengi wao wanaume. Mmoja akasema chama kimoja kimetulea na kitatuzika. Mwingine akasema ushindani ndio dawa ya uzembe. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi reli aliwataja majirani zetu wa kambini, akasema tusicheze na amani, na watu wakampigia makofi. Nami nilipiga.

Mara nikamwona Nyanzala amesimama.

Mjumbe akamwuliza jina, akamwuliza kama anataka kusema kwa Kiswahili. Nyanzala akasema Kiswahili chake kidogo, atasema Kisukuma. Wakamtafuta mkalimani. Akajitokeza Nkwabi, dalali wa mnada wa ng'ombe, mtu wa suti ya kaki aliyejulikana na wenyeviti wote wa vijiji, maana bila vibali vyao asingeuza hata mkia.

Nyanzala akazungumza. Mimi Kisukuma sikijui, lakini niliona Wasukuma waliokuwa nyuma yetu wameinamisha vichwa kuficha kicheko. Alipomaliza, Nkwabi akajikohoza.

"Mama anasema," akatafsiri, "kijijini kwao mambo ni mazuri. Mwenyekiti wao ni hodari wa kuhesabu, anahesabu mikono ya wananchi na mifugo yao."

Mwandishi wa tume akaanza kuandika. Nyanzala akanyoosha kidole.

"Sivyo!" akasema kwa Kiswahili. "Baba, wewe unaogopa. Acha, nitasema mwenyewe."

Uwanja ukacheka. Nkwabi akapanguza uso kwa leso. Mjumbe mwanamke aliyeketi pembeni ya meza akasema, "Sema, mama. Polepole. Tunakusikia."

Nyanzala akakaza khanga kiunoni. Kisha akasema, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

"Mimi nasema hivi. Asubuhi mwenyekiti anahesabu mikono yetu. Mkono wako akikosa, jioni anahesabu ng'ombe wako. Nyie mnauliza chama kimoja, vyama vingi. Mimi sijui. Hata mkileta kumi, kama tunanyoosha mikono, ni kile kile. Kura ya mbunge tunapiga ndani ya chumba, tunachagua alama ya jembe, tunachagua alama ya nyumba, hakuna mtu anaona. Kijijini kwa nini tunaonwa? Leteni ile ya kufichwa. Basi."

Akaketi. Hakupigiwa makofi mara moja. Kisha yule mzee wa reli akaanza, na wengine wakafuata.

Habari ilitutangulia nyumbani. Kabla wiki haijaisha Maximilian aliitisha kikao, akasema kuna mwanamke amekitia kijiji aibu mjini, na kwa mila aombe radhi kwa kutoa mbuzi. Nyanzala alikuwa ameketi na wanawake chini. Mumewe hakuwa amesema naye neno tangu aliporudi. Alikula kimya, akalala kimya, na Nyanzala aliniambia kwamba kimya kile kilimuumiza kuliko fimbo. Kwa hiyo Machibya aliposimama, wote tulidhani anakwenda kumleta mbuzi.

"Mwenyekiti," akasema, "mke wangu aliulizwa na tume, akajibu tume. Wewe hakukujibu. Kama kuna mbuzi, kamdai aliyemuuliza."

Kikao kiliishia hapo, maana watu walicheka, na kicheko ni kitu kigumu kukitoza faini. Lakini Maximilian hakusahau. Msimu ule Machibya alinyimwa vibali vya mnadani mara kwa mara, ikabidi watoto wakose sare mpya za shule. Nyanzala alipungua mwili. Niliwahi kumwuliza kama anajuta.

"Nikilala najuta," akasema. "Nikiamka sijuti."

Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu vyama vingi. Redio ilisema kwamba wengi wa waliotoa maoni walitaka chama kibaki kimoja, lakini wachache nao walisikilizwa. Mimi jambo hilo lilinishangaza: kwamba nchi inaweza kuwauliza watu, na wachache wasifukuzwe. Ikokwa kwetu hakukubadilika kitu kwanza. Bendera moja ya chama kipya ilipandishwa kwenye mti karibu na mashine ya kusaga, ikapauka kwa jua, basi.

Kilichobadilisha kilikuwa kisima. Mapadre walituchimbia kisima cha pampu, wakataka kijiji kichague mtu wa kukisimamia. Maximilian alimtaka shemeji yake, Rafaeli. Wanawake walimtaka Rozalia, mjane mwenye sauti kubwa na mkono usiopindika. Katibu alipojiandaa kuhesabu mikono, Nyanzala alisimama tena.

"Hiki ni kisima tu," akasema. "Si serikali. Tujaribu kura ya kufichwa. Ikishindikana, tutanyoosha mikono."

Maximilian aliona ni mchezo wa wanawake, akakubali. Tukatundika mkeka mlangoni mwa ghala. Ndani tukaweka vyungu viwili: kimoja kimechorwa jembe kwa mkaa, ndicho cha Rafaeli, kingine kimechorwa nyumba, ndicho cha Rozalia. Kila mtu alipewa punje moja ya hindi mlangoni, akaingia peke yake, akatoka mikono mitupu.

Watu wachache tu walikuwa wamepita Nyanzala aliposema, "Simameni!"

"Nini tena?" Maximilian akauliza.

"Sikilizeni."

Tukanyamaza. Aliyekuwa ndani akadondosha punje yake. Ikalia, *ting*. Chungu cha Rafaeli kilikuwa kikubwa na kikavu, kililia kwa sauti nene. Cha Rozalia kilikuwa kidogo, kililia kwa sauti nyembamba. Mwenye masikio alishajua kila mtu amempa nani. Nilimtazama Maximilian, nikamwona anatazama pembeni.

Nyanzala alikwenda kwenye mashine ya kukoboa, akarudi na pumba za mpunga kwenye ungo, akazimwaga ndani ya vyungu vyote viwili. Tukaanza upya. Safari hii watu waliingia, wakatoka, na hakikusikika kitu. Nakumbuka nilivyosimama mle gizani na punje yangu kiganjani. Hakuna aliyenitazama. Niliona ajabu kukaa peke yangu na mawazo yangu hivyo, nikakawia kidogo, hata wa nyuma wakaanza kugonga ukuta.

Tulipopepeta na kuhesabu punje, Rozalia alikuwa ameshinda kwa mbali. Rafaeli mwenyewe alicheka, akasema hata mke wake lazima alimnyima. Kisima kile hakikuwahi kukosa kufuli wala grisi.

Basi ulipofika uchaguzi wa kijiji mwaka 1994, hakuna aliyekubali mambo ya kunyoosha mikono. Hata wazee waliokuwa wamesema vyama vingi ni vita walisema wanataka karatasi na chumba. Msimamizi aliyekuja alileta karatasi na sanduku. Dhidi ya Maximilian alisimama Salvator, mkulima wa mahindi, mtu mpole, wa chama kipya. Tuliamini mwisho wa Maximilian umefika. Usiku wa kuamkia kura Nyanzala hakupata usingizi kwa furaha.

Maximilian akashinda.

Alishinda kwa kura chache, lakini alishinda. Salvator alimpa mkono. Nilimtafuta Nyanzala nikamkuta ameketi nyuma ya ghala, anachora chini kwa kijiti.

"Tumefanya kazi bure, Mama Kashinje," nikamwambia. Kashinje ndilo jina la mwanawe wa kwanza.

"Ulinyoosha mkono leo?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi si bure."

Nilidhani anajifariji tu. Lakini siku zilizofuata tukaanza kumwona Maximilian mwingine. Alijua kwamba karibu nusu ya kijiji imemkataa, na hakujua ni nusu ipi. Angemwonea nani? Akaanza kusalimia kila mtu. Alipita kwenye nyumba za Wasukuma akauliza hali ya ndama. Alimsaidia mke wa Salvator kupata dawa zahanati. Ng'ombe walipoingia tena kwenye shamba la mtu, aliita pande zote mbili mbele ya kikao, na fidia akapewa mwenye shamba mkononi, watu wote wakiona. Wengine walisema anajifanya. Nyanzala akasema, "Mwache ajifanye. Akijifanya miaka mitano atazoea."

Mwaka 1995 tulipiga kura ya rais na wabunge, ya kwanza yenye vyama vingi tangu mimi nipate akili. Tulipanga foleni kwenye shule, wanaume huku, wanawake huku, Nyanzala mbele yangu na mtoto mgongoni. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Mtu wa chama kile na wa chama hiki waligawana maji kwenye kata moja. Hakuna aliyepigana.

Wakati wa kurudi Machibya alitembea nasi, fimbo yake begani. Tulikuwa tumefika karibu na mto alipomwuliza mkewe, akimwita mama kwa Kisukuma, "Enhe, mayu, umempa nani?"

Nyanzala akamtazama kana kwamba ameulizwa na mgeni njiani.

"Na wewe?"

Machibya akacheka peke yake, akaanza kutupigia hadithi ya dume lake jeusi lililokuwa linakataa kupanda mlima. Tulivua viatu, tukavuka.