Jina Nililompa Mtu wa Picha

Hiki si kisa nilichosimuliwa na mtu. Kilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa kazini, sijalewa wala sina homa. Ukitaka kunicheka, nicheke, lakini nisikilize kwanza. Nakisimulia kwa aibu.

Mimi ni mlinzi wa mapokezi kwenye ofisi moja karibu na Schuman, hapa Bruxelles. Kwetu ni Bukavu, Kongo. Pale Matonge, mtaa wetu Wakongomani hapa mjini, wananijua kwa ugonjwa mmoja: neno "sijui" halinitoki mdomoni. Niulize njia, niulize ukoo wa mtu, niulize dawa ya tumbo, nitakujibu tu.

Ndiyo maana mama mmoja Mmarekani, mzee wa miaka kama themanini, alielekezwa kwangu. Tulikaa kwenye mkahawa ndani ya Galerie d'Ixelles. Akanieleza kwamba huko kwao, katika miji midogo, watu husimamisha vibao vya chuma kando ya barabara kueleza nani aliishi pale na alifanya nini. Kanisa la zamani la mji wao lilijengwa na seremala Mkongomani, ambaye baadaye alivuka kuja Bruxelles na hakusikika tena. Walitaka kumwekea kibao, ila vitabu vya mji vilimwita "Mkongo", basi. Mama yule alikuwa amelitafuta jina lake kwa miaka kumi na moja.

Akanipa picha. Mwanamume ameshika randa, kovu limekata nyusi yake ya kushoto. Akaniuliza kama kuna mtu anayeweza kumjua. Nikasema namjua, ni babu wa baba yangu. Jina? Ulimi ukaokota la kwanza uliloliona: Birindwa. Hilo ni jina la baba yangu mzazi, na yuko hai, anakaa Kadutu, kulekule Bukavu. Mama wa watu akalia, akanibusu mikono. Nami nikajiona mtu mkubwa.

Miezi mitatu baadaye picha ya kibao ikaingia kwenye simu yangu. Birindwa, kwa herufi za chuma. Nikawaonyesha wenzangu huku nikijigamba.

Jumatatu iliyofuata, saa nane mchana, mtu akasimama mbele ya meza yangu. Mgeni hutoa kitambulisho, naandika jina kwenye daftari, nampa beji. Sikuinua hata kichwa.

"Bonjour, papa. Carte d'identité?"

"Sina."

"Bon, jina?"

"Unaniuliza miye? Si ni weye ulinipatia?"

Nikainua macho. Kovu lilikuwa palepale, nyusi ya kushoto. Mikono ya koti lake ilikuwa na vumbi la mbao, na niamini, hata harufu ya mbao mbichi niliisikia.

"Nilikuwa na jina yangu," akasema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Ilinipotea hapa. Yule maman peke yake ndiye alikuwa anaitafuta. Sasa ameacha, anazani ameipata. Alors, nani ataitafuta tena?"

Nikashika kalamu tu.

"Bon. Nitabaki na hii ya papa yako. Andika."

Nikaandika. Ndiyo, kwa mkono wangu huu. Akachukua beji, akapita. Mwenzangu alipoangalia kamera, alimwona mtu mmoja tu, mimi, nikinyoosha beji hewani. Beji yenyewe haijapatikana hadi leo.

Nikapiga simu nyumbani. Dada yangu akapokea.

"Papa iko muzima, anakula," akasema. "Lakini tangu mchana, tukimuita jina, haitike. Anageuka kutazama mulango, kama tunaita muntu mwingine."

Nilikaa wiki sita kabla ya kumwandikia Mmarekani ukweli. Wiki sita nzima, kwa kuogopa aibu tu! Kibao kikang'olewa. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: nilipokuwa nalia, ulikuwa unanicheka? Sikuwa namcheka, lakini nitamwambia nilikuwa nafanya nini? Nasikia hataki tena habari za yule seremala.

Wewe unayenisikiliza, ukiulizwa habari za marehemu usiyemjua, sema humjui. Utaonekana mjinga kwa dakika moja, halafu utaenda nyumbani kulala. Mimi nilikwepa dakika hiyo.

Kila Jumapili nampigia papa. Nikisema "Papa", anaitika, tunaongea, tunacheka. Nikisema "Birindwa", kimya. Jumapili iliyopita aliniuliza yeye mwenyewe, kwa sauti ya kunihurumia:

"Mutoto yangu, uyo Birindwa munaita kila siku, alikufaga lini?"