Mstari wa Watoto

Mimi nimechoka kusoma. Nasema hivyo mimi ambaye tangu utoto sijapita karibu na karatasi yenye maandishi bila kuiinamia, hata ile ya kufungia karanga. Vitabu havijanichosha. Kilichonichosha ni kuitwa.

Kwetu mtu akifa, kabla jeneza halijatoka uani kwenda makaburini, lazima mmoja wa ukoo asimame mbele ya watu asome historia ya marehemu: alizaliwa wapi, alibatizwa wapi, alifanya kazi gani, aliolewa na nani, na mwisho kabisa, ameacha watoto wangapi. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeonekana kila siku na kitabu mkononi, ukoo uliamua zamani kwamba kazi hiyo ni yangu. Hakuna aliyeniuliza. Baba mdogo, ambaye alistaafu kazi ya reli na ndiye mkubwa wetu aliyebaki, hupiga simu na kusema nije na biki, kalamu yangu ya wino. Basi nafunga kitabu, naenda. Iko riwaya moja nyumbani kwangu Hewa Bora nimeianza mara nne, na mara nne imekatizwa na matanga. Mpaka leo sijui bibi harusi wa humo alipotelea wapi.

Wanawake wanaosonga bukari, ugali wetu, kwenye masufuria makubwa hunitania kwamba nimekwepa moshi kwa ajili ya biki, na kwamba siku yangu ikifika itabidi nijisomee mwenyewe. Nacheka nao. Kusema kweli, siku nyingine nachukia.

Aliyenitia ugonjwa huu wa kusoma ni shangazi yangu, dada ya baba. Alikuwa mshonaji. Kabla ya kugusa kitambaa cha mtu alichora kwanza umbo la nguo kwenye gazeti la zamani na kulikata, nami herufi nilijifunzia hapo, juu ya mikono na kola za akina mama wa mtaa. Habari ikifika kwapani, mkasi ulikuwa umeshaipitia. Basi sisi wawili tulikaa kuitungia mwisho, yeye akitaka mwizi akamatwe, mimi nikitaka atoroke. Wateja walikuja kuulizia blauzi zao, shangazi akawajibu mashine imeharibika, na gazeti liko mapajani. Sijapata tena furaha kama ile.

Hakujaliwa mtoto. Mumewe aliondoka kwa sababu hiyo, akaenda kuoa Sakania, na shangazi akabaki na cherehani yake na magazeti. Kwa mwanamke wa namna hiyo historia yetu ina mstari wake tayari: hakuacha mtoto. Nimeusoma mwenyewe kwa wanawake watatu. Kila mara watu waliokaa chini ya bashi, lile turubai la matanga, huguna pamoja. Shangazi alikuwa amekaa humo humo, mara zote tatu, akisikia.

Alipougua, na daktari akamrudisha nyumbani, aliniita alasiri moja.

"Leta biki," akasema. "Uniandikie yangu sasa. Niko nataka niisikie."

Nilikataa. Nilimwambia huo ni mkosi, kisha nikamwambia nimechoka, na hilo la pili ndilo lilikuwa kweli. Akaninunia siku tatu, hata uji wangu hakunywa. Siku ya nne nikaja na karatasi.

Niliandika kama ninavyoandika siku zote, nikamsomea. Nilipofika kwenye mama mpole, mkarimu, mwenye subira, akainua mkono. Upole nimpe mtu mwingine, alisema, yeye hakuwa nao, na wateja wake wangali hai, watacheka. Nikaufuta. Subira nayo nikaifuta. Yule mume wa Sakania alitaka atajwe mara moja tu na asipewe sifa yoyote. Tulicheka hadi akakohoa. Kisha nikafika kwenye mstari wa watoto, nikainua macho kumtazama.

"Ile, toa," akasema. "Andika kama nilikuwa nasomaka. Na kama nilifundisha mutoto moja kusoma, ni ule iko nabasomea sasa."

Nikaandika. Kwamba alikuwa msomaji, na kwamba alimfundisha mtoto mmoja kusoma, ndiye huyu anayewasomea sasa. Alitaka nimsomee mara mbili, na mara ya pili alifumba macho. Akaniambia niikunje karatasi vizuri nisiipoteze. Nilimwahidi kwamba nitaisoma kama ilivyo, neno kwa neno.

Alifariki wiki mbili baadaye. Siku ya mazishi baba mdogo alitaka kuiona karatasi kwanza. Aliisoma amesimama, miwani puani, akaomba biki yangu akaufuta mstari ule, na juu yake akaandika ule wa kawaida. Hakuwa na hasira. Aliniambia polepole, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma, kwamba ukoo una utaratibu wake, na kwamba kusoma magazeti si jambo la kutajwa mbele ya jeneza. Nilitaka kubishana naye. Lakini nilikuwa sijalala siku tatu, wabebaji walikuwa wameshasimama, gari la makaburini lilikuwa linaunguruma nje, nami nikajiambia ni mstari mmoja tu.

Nikasimama chini ya bashi. Nilisoma alizaliwa, nikasoma alibatizwa, nikasoma alishona nguo za mtaa mzima. Nikafika. Maneno yake shangazi yalikuwa bado yanaonekana chini ya wino wa baba mdogo, yote, hata mtoto wa shule angeweza kuyasoma. Niliyaona vizuri. Nikasoma: hakuacha mtoto.

Watu wakaguna.

Nilipokuwa naikunja karatasi, mama mmoja alitoka kwenye masufuria, mikono ina unga bado, akanishika bega.

"Umesoma muzuri, mama," akaniambia. "Shangazi yako angefurahi."

Nilimshukuru, nikaenda kuketi.