Madam Kaluki na Somo la Majina

Wewe unayesoma haya, babu yako alifanya nini mwaka wa 1954? Usiniambie alipigania uhuru. Hapa Machakos kila mtu hujibu hivyo. Kama wote walipigania, basi waliokuwa wakiwaonyesha askari wa Mwingereza njia walitoka wapi? Walishuka mbinguni?

Madam Kaluki amewauliza wanafunzi swali hilo karibu maisha yake yote ya kazi, katika shule moja ya kutwa upande wa Muthetheni. Wazazi wake, wakulima Wakatoliki, waliuza mbuzi na kipande cha shamba ili asome chuo kikuu. Huko alitaka kuandika juu ya Hali ya Hatari, ile Mwingereza aliyoitangaza dhidi ya wapigania uhuru, ilivyokuwa Ukambani. Mhadhiri wake akamshauri achague jambo ambalo watu wako tayari kulizungumza. Akaandika juu ya biashara ya pembe za ndovu, akafaulu, akarudi nyumbani kufundisha. Hakuolewa. Sokoni watu husema wachumba waliogopa kuulizwa habari za babu zao.

Mimi alinifundisha, na sasa nafundisha Kiswahili katika shule hiyo hiyo. Nimeona jinsi historia ya kuzaliwa kwa nchi hii inavyofundishwa kwingine. Ni pointi. Toa sababu sita. Eleza matokeo matano. Mtoto anakariri, anapata alama, anasahau, na katika pointi zote hizo hamna hata mtu mmoja anayevuja damu. Taifa linaloogopa watoto wake wajue lilivyozaliwa lina kitu linachoficha, na sitanyamaza juu ya hilo.

Madam Kaluki alikuwa na njia yake. Kwetu mtoto hubeba jina la babu au bibi, na jina hilo si la kuitia tu. Mwanamume humwita mwanawe "nau", yaani baba yangu, kwa sababu babake amerudi ndani ya mtoto yule. Basi kila Oktoba, Siku ya Mashujaa ikikaribia, Madam aliwatuma watahiniwa nyumbani wakaulize habari za yule ambaye wamebeba jina lake. Wakirudi, kila mmoja alisimama mbele ya darasa akasema kana kwamba yeye ndiye mzee huyo.

Mwaka huu nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa aliposimama Mueni, msichana mpole mwenye sauti ndogo.

"Mimi ni Mueni, mke wa Muthoka," alisema. "Walikuja alfajiri kumchukua mume wangu. Walisema amekula kiapo cha waasi. Mzungu hakujua nyumba yetu. Kuna kijana alimwonyesha mlango, na kijana huyo nilikuwa nimempikia isyo, mahindi na maharagwe, wiki hiyo hiyo. Muthoka alirudi baada ya miaka minne. Vidole vyake havikukunjika tena. Uhuru ukaja. Yule kijana akafungua duka, na sukari tulinunua kwake. Anaitwa Mutunga."

Hakuna aliyegeuka kumwangalia Antony Mutunga, lakini darasa zima lilikuwa likimwangalia. Babu yake ndiye mzee Mutunga. Babake, Bonface, ni mwenyekiti wa wazazi, na alikuwa amelipia maabara mpya ya shule. Juu ya mlango wa maabara hiyo jina la mzee lingeandikwa Siku ya Mashujaa, na mbele ya jina, neno shujaa.

Antony akainuka. Nilidhani atamtukana msichana.

"Mimi ni Mutunga," alisema. "Nilionyesha mlango."

Madam akamuuliza polepole nani alimwambia.

"Yeye mwenyewe, kabla ya kufa. Hakumwambia baba. Aliniambia mimi tu, kwa sababu mimi ni yeye." Kisha akaketi, akalaza kichwa kwenye dawati. Mueni, aliyekuwa bado amesimama, alianza kulia.

Nimesoma vitabu vingi vya historia. Sijawahi kuiona ikitokea mbele yangu namna ile.

Kufikia chakula cha mchana habari ilikuwa sokoni. Saa tisa Bonface aliingia chumba cha walimu, akimsukuma Antony mbele yake. Mwalimu mkuu, Bwana Maundu, alisimama kumpa kiti. Hakukitaka.

"Madam, wewe ulizaliwa mwaka gani?"

"Sitini na nane."

"Sasa hiyo hamsini na nne uliionea wapi? Kwa tumbo ya nani?"

Walimu wawili walicheka. Madam hakucheka.

"Na wewe mzee, Yesu akisulubiwa ulikuwa umesimama wapi? Lakini kila Jumapili nakusikia ukishuhudia."

Wale wawili wakacheka tena, mara hii kwa kificho. Bonface alimshika Antony bega.

"Huyu sijawahi kumchapa. Hata kofi. Nitamchapaje babangu? Na leo babangu ananiambia kwa mdomo yake mwenyewe ati yeye ni msaliti! Mbele ya watoto ya watu!" Kwa muda alionekana mtu aliyefiwa upya, na nilimwonea huruma, hadi aliposema yaliyofuata. "Kesho kwa paredi utasimama, madam. Utasema hiyo maneno ni uwongo, na huyo msichana alitunga. Ukisema, kijana anafanya mtihani yake. Usiposema, hataonekana hapa tena."

"Baba, ni mimi nilisema," Antony alianza.

"Nyamaza!"

Mwalimu mkuu alikohoa. "Madam, mtihani uko hapa mlangoni. Wewe wape pointi tu. Hizi zingine ni za kanisa na wazee."

Antony ndiye mwanafunzi bora tuliyempata tangu nianze kufundisha pale.

Jioni nilienda kwa Madam. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, mlango wazi.

"Usikubali, Madam," nilimwambia hata kabla ya salamu. "Ukikubali, umewasaliti akina Muthoka mara ya pili. Tuwaambie walimu wote, tugome!"

"Urbanus, uko na mtoto?"

"Sina."

"Basi keti, unanizibia mwanga."

Niliketi. Nikamwambia ukweli haununuliwi kwa cheti cha mtu. Alinisikiliza, akitupa mawe madogo nje.

"Ukweli umengoja miaka sabini," alisema. "Unaweza kungoja tena. Mtihani haungoji."

"Na Mueni? Utamwita mwongo mbele ya shule nzima?"

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Nimetoka kwao. Nilimwomba ruhusa susu yake, yule bibi aliyempa jina. Mama wa miaka karibu tisini, Urbanus. Nilitaka anitukane. Alinishika mkono akasema, 'Sema tu, mwanangu. Sisi tumezoea.'"

Nilisaidia kuchambua hadi giza likaingia, nikaenda zangu.

Asubuhi iliyofuata paredi ilikuwa kwenye uwanja unaopakana na barabara, na ua wa shule ni waya tu, unaona anayepita. Bonface alikuwa amefika mapema, amevaa koti, amesimama kando ya mwalimu mkuu. Nilimtafuta Antony katika mstari wa watahiniwa, sikumwona. Nilidhani amechelewa.

Madam Kaluki alipanda ngazi ya bendera.

"Jana darasani kulisemwa mambo juu ya mzee Mutunga," alianza. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kufundishia. "Mambo hayo hayakuwa kweli. Mueni aliyatunga."

Mueni alikuwa mstari wa mbele. Hakuinamisha kichwa. Alimtazama mwalimu wake machoni, na Madam naye hakukwepesha macho.

"Nawaomba radhi jamaa ya—"

Pikipiki ilipita barabarani. Nyuma ya mwendeshaji alikuwa Antony, bila sare, amekumbatia sanduku la bati, na godoro lililokunjwa limefungwa kwa kamba nyuma yake. Hakutazama shuleni. Shule nzima iligeuka, isipokuwa babake.

Nilitoka kwenye safu ya walimu nikamwendea. "Mzee, anapelekwa wapi?"

"Konza," alijibu, macho yake mbele. "Mjomba yake iko na ng'ombe. Huko hakuna mtu ya kumuuliza jina."

Nilisema kwa nguvu, kila mtu asikie, "Lakini uliahidi!" Juu ya ngazi Madam Kaluki alikuwa akiiangalia pikipiki ikikata kona, na mdomo wake ulikuwa bado wazi kwa lile neno alilokuwa hajalimaliza.

"Endelea, madam," alisema mwalimu mkuu. "Watoto wamesimama juani."