Mgeni wa Kipindi Kimoja

Ipo jioni moja ya utotoni, mwanangu, nilipoapa mbele za watu kwamba huko Marekani kuna mama aliyezaa mapacha saba wa kike, na kwamba mabinti hao walikuwa wakiuawa mmoja mmoja kwenye televisheni.

Usinicheke kwanza. Mtaani kwetu Majengo, Mombasa, televisheni ilikuwa moja tu, ya muuza vitambaa, na watazamaji tuliokuwa dirishani pake hatukupungua elfu mbili. Vipindi vyenyewe vilikuwa vya Kimarekani, vikuukuu, vilivyochokwa kwao ndipo vikaletwa kwetu. Fundi wetu wa redio, jina lake Salimu, ndiye aliyekuwa mufti wa mambo hayo. Alitwambia kwamba mtu akifa kwenye picha za Wamarekani, amekufa kweli, na jamaa zake hupewa fidia. Sasa palikuwa na mwanamke mmoja wa Kiasia, mwenye nywele nyeusi ndefu. Alitokea kwenye kipindi cha wapanda farasi akapigwa risasi. Hazikupita siku nyingi tukamwona kwenye kipindi cha madaktari, mzima, naye akafa kwa homa. Kisha akaja kwenye cha majasusi, akanyweshwa sumu. Tukamwendea Salimu: imekuwaje? Hakubabaika hata kidogo. Akasema hao ni mapacha, mama yao kazaa saba, na akifa mmoja huitwa anayefuata.

Niliamini yote, na maji nikanywea. Usiku nikimwombea dua yule mama, kwa kuwa kwa hesabu yangu mabinti walikuwa wamekaribia kwisha.

Miaka ikapita. Nilifika huku Minnesota sijatimiza thelathini, na koti niliposhuka uwanja wa ndege lilikuwa la kuzuia umande wa Mombasa. Baridi ya mwaka ule, mwanangu, ukitema mate yalifika chini yakiwa kokoto. Nilipanga chumba cha chini ya nyumba ya watu pale kitongoji cha Crystal, kidogo hivi kwamba nikitaka kugeuza ubavu kitandani ilinibidi nifungue mlango kwanza. Jioni nikisoma shule ya watu wazima, ile iliyonipa cheti ambacho mpaka leo nimekitundika ukutani na kila mgeni hulazimishwa kukisoma. Mchana nilikuwa na kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Simu nilikuwa nayo, lakini ilikuwa na ugonjwa wa kutolia.

Nakutajia hayo kwa mzaha, maana upweke ukiutaja kwa uso mkavu hukukalia kifuani. Lakini upweke ulikuwapo. Kuna majuma nilimaliza bila mtu kunitaja jina, ila mwalimu akiita mahudhurio.

Hapo Crystal palikuwa na duka la Mzee Mbarak, mtu wa Lamu, aliyekuja kusoma zamani akalowea. Aliuza bizari, tende, mchele na kadi za kupigia simu nyumbani. Bintiye Zuhura alikaa kaunta. Zuhura alizaliwa huku huku. Kiswahili alikisikia chote, akakijibu kwa Kiingereza, na salamu zake tu ndizo zilikuwa za Kilamu kamili. Alikuwa na tabia ya kucheka kabla wewe hujamaliza kichekesho, kama mtu anayekupokea mzigo njiani. Mie nikawa mteja mwaminifu. Nilinunua pilipili manga ya kupikia harusi ya mji mzima, na huku chumbani kwangu nina jiko la sahani moja.

Ramadhani ikatuangukia katikati ya baridi. Siku moja theluji ilinikuta dukani, Zuhura akasema atani-drop nyumbani kwa gari lao. Tulipofika, nimeshika kitasa cha mlango, akaniambia kwa Kiingereza chake, "Kaka Athumani, mama anasema uje kesho ufuturu kwetu. Kuna tambi, kuna mbaazi, kuna kila kitu."

Mwanangu, moyo wangu ulipiga teke. Lakini mimi nimelelewa na bibi yangu, na kwa bibi yangu mtu mwenye adabu haitikii wito wa chakula kwa mara ya kwanza. Unaonekana mlafi. Unakataa kwa upole, mwenye nyumba anakushika mkono, unakataa tena kwa sauti ndogo zaidi, anakuapia kwamba hakuli mpaka uje, basi hapo ndipo unavua viatu. Ndio ustaarabu. Kwa hiyo mimi, niliyefunga tangu alfajiri, tumbo linalia kama paka wa bandarini, nikasema, "Ahsante sana, mie nimeshiba. Msijisumbue."

Kwetu angenijibu: umeshiba nini wewe na saumu hii, hebu tusitiane ila, kesho tunakungoja. Zuhura alinitazama kidogo. Akasema, "Sawa." Gari likaondoka.

Sikuwa na wasiwasi. Nikaingia ndani nikanyoosha kanzu kwa pasi, nikaitundika tayari, nikangoja niitwe mara ya pili.

Siku hizo nilikuwa namhudumia bibi mmoja wa miaka zaidi ya sitini, huko Anoka, mji mkongwe kando ya mto. Aliitwa Bi Haruko. Wazazi wake walitoka Japani, yeye kazaliwa California. Alikuja Minnesota kuishi na kakake, kaka akafa akamwachia nyumba, kisha akaanguka barazani akavunjika nyonga. Ndipo nikatumwa mimi nimpikie na kumsaidia kutembea. Jua la Desemba hapa huzama mapema kama lina deni la usingizi, kwa hiyo maghribi ilinikuta kwake kila siku ya kazi. Nikifungulia tende tatu na maji, nimesimama karibu na sinki, yeye yuko mezani na chai yake.

Mpwa wake alimletea kanda za video za vipindi vya zamani kutoka California. Bi Haruko hakuzitaka. Mie nikaziona zimekaa kwenye sanduku, nikamwomba tutazame moja, tupoteze saa. Nikaiwasha. Farasi wakapita, vumbi likatimka, na mlangoni mwa nyumba ya mbao akatokea mwanamke wa Kiasia, nywele ndefu nyeusi. Nikaruka. Nikamwambia huyu namjua, huyu sasa hivi atapigwa risasi. Akapigwa risasi.

Bi Haruko akaweka kikombe chini. Akaniuliza nimemjulia wapi. Nikamhadithia yote, dirisha la muuza vitambaa, Salimu, fidia, mapacha saba. Alicheka hata nikaogopa kwa ajili ya nyonga yake. Kisha akajifuta macho, akasema kwa utaratibu, "Huyo ni mimi, Athumani. Sikufa. Walinipa kahawa nikarudi nyumbani kwa basi."

Akanionyesha kanda nyingine, ile ya madaktari. Nikasema huyu pia ni wewe. Akasema hapana. Ya majasusi? Hapana vilevile. Walikuwa wanawake tofauti, mmoja mrefu, mmoja mnene wa uso, tena huyo hata asili yake si Japani, ni Ufilipino. Hawakufanana zaidi ya nilivyofanana mimi na Bi Haruko. "Mlitazama nywele," akaniambia. "Hata waliotuajiri walitazama nywele."

Mtu mzima hovyo, nimekaa Marekani nalalamika kazini wananichanganya na kijana mmoja wa Liberia aliyenizidi urefu kwa dhiraa nzima.

Tangu hapo tukawa tunatazama kila alasiri. Alinieleza kazi ile ilivyokuwa. Jina lake liliandikwa mwishoni, chini ya neno mgeni. Kipindi kina wenyewe, wanaoonekana kila wiki, wana nyumba yao na meza yao. Mgeni huja mara moja. Huletwa na matatizo, huzungumza maneno machache, hupendwa kidogo na kijana wa kipindi, kisha hufa au hupanda meli, kwa sababu wiki ijayo nyumba ile lazima ibaki vilevile kana kwamba hakuwahi kuja. Amekuwa mke wa askari, muuguzi, jasusi, binti wa dobi, na malkia wa nchi isiyo kwenye ramani yoyote. Kiingereza chake ni cha California, lakini kila mara walimtaka akizungumze kwa kukivunjavunja. Chakula cha mchana wenyewe walikula meza yao. Wageni walikula walipopata kiti.

Siku moja aliniona na tende zangu pale sinkini akauliza, je, kwenu watu hufuturu kwa kusimama peke yao? Nikamwambia la, kwetu tunakaa mkeka mzima. Akauliza kama huku sina mtu. Nikamweleza habari za Zuhura, tena kwa kujisifu, kwamba nimekaribishwa, nimekataa kwa adabu, na sasa nangoja kukaribishwa tena. Ramadhani ilikuwa imepita nusu.

Bi Haruko hakucheka safari hii. Akavuta kiti, akaniamuru nikae.

Akasema kulikuwa na kipindi cha hospitali. Alikwenda kama mgeni, akacheza muuguzi, na kwa bahati hakuuawa. Mkuu wa kipindi akampenda. Akamwita ofisini akamuuliza kama angependa kubaki, awe muuguzi wao wa kila wiki. Ndilo jambo alilokuwa akiliomba tangu ana miaka kumi na tisa. Naye kwao wamelelewa kama sisi: ukipewa kitu kizuri, unakirudisha kwanza kwa mikono miwili. Akainamisha kichwa, akasema ahsante, ila bila shaka wapo wanaostahili zaidi yake.

"Nilikuwa nangoja aseme hapana, ni wewe tunayekutaka," akaniambia. "Alisema ahsante kwa kuja. Akasimama kunifungulia mlango."

Alikaa kando ya simu wiki nzima. Mwezi uliofuata akawasha televisheni akamwona muuguzi mpya. Yeye aliendelea kuwa mgeni mpaka umri ukamtoa, na hakuna aliyekosea, akasema. Yule bwana alimheshimu. Aliamini neno lake.

Kisha akaniambia, "Watu wa hapa hawaulizi mara ya pili. Nenda."

Nilikwenda kesho yake. Nilivaa kanzu ndani ya koti, theluji imenifika magotini, na ukinisikia mimi nikisema magotini ujue ilikuwa ya vifundoni, lakini nilikwenda. Njia nzima nilipanga maneno. Zuhura alikuwa peke yake kaunta, anapima tende. Nikamwamkia, nikamwambia kwa mkupuo mmoja kwamba ule mwaliko wa siku ile naupokea, na kwamba mimi si mwaliko tu niliokuwa nautamani.

Akaacha kupima. Alinijibu kwa Kiingereza, polepole, nami nakutafsiria kama nilivyokisikia. Kwamba Jumapili iliyopita kuna watu wamekuja kutoka Lakeville kumposa, kijana wao ni mtu mwema, na baba yake amemuuliza naye ameridhia. Kwamba mama yake alipika tambi siku ile, akauliza yuko wapi kijana wa Mombasa.

Nikamwambia nilikuwa nangoja aniulize tena. Nikamweleza mila zetu, bibi yangu, kukataa kwanza. Sauti yangu ilikuwa imekwisha kuwa ndogo kama ya mtu anayekataa mara ya pili.

"Kwa nini nikuulize tena, kaka Athumani?" akasema, na hiyo aliisema kwa Kiswahili. "Nilikusikia mara ya kwanza."

Hakuisema kwa ubaya. Alikuwa amenipa heshima ya kuniamini. Akafunga sambusa kwenye karatasi, akauliza kama nitachukua za kufuturia, nami nikasema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Nilizila kituoni, jua limekwisha zama, nikingoja basi ambalo siku hiyo lilichelewa mwaka mzima.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu. Wahenga walishasema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako, nami nimeyashuhudia kwa kanzu iliyopigwa pasi. Adabu ya kwetu usiitupe. Nzuri, na ukienda Mombasa au Lamu utaitumia kwa furaha. Lakini adabu ile ni ngoma ya watu wawili, na ukiicheza mbele ya mtu asiyeijua unabaki unazunguka peke yako. Ukipendwa, sema umependwa. Ukiitwa mezani na una njaa, sema una njaa. Ukitamani kubaki, usimwachie mwenye nyumba kazi ya kukisia. Na wewe uliyezaliwa huku, ukimsikia mtu wa pwani anasema ameshiba, nakuomba kwa hisani yako, muulize mara moja zaidi.

Mungu akujaalie nyumba ambayo humo wewe si mgeni, na meza ambayo ukikawia watu wanauliza uko wapi. Akupe ulimi mwepesi wa kusema ndiyo siku ya kheri yako, na akukutanishe na wanaokusubiri wakati bado wanakusubiri. Amina.