Sabuni ya Jumamosi

Jumapili iliyopita, baada ya sala ya jumuiya, wanawake wenzangu hapa Nshambya walianza kubishana kuhusu watoto wenye kazi zao ambao bado wanalala kwa wazazi. Je, walipe kodi au wasilipe? Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alisema kijana wake anamlipa kila mwisho wa mwezi na jambo hilo limemtia adabu. Mwingine akasema mtu mwenye ndevu anayekula bure kwa mama yake ni kupe tu. Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya maziwa. Nikaweka kikombe chini, nikaaga kwamba kichwa kinaniuma, nikaondoka. Kichwa kilikuwa kizima kabisa.

Naona bora nieleze, maana najua wananisema.

Nilirudi kwa baba yangu Ijumbi vita vilipokwisha na mume wangu hajaonekana. Aliondoka na mgambo wenzake, wakavuka mto, na wenzake wakarudi. Nilikuwa sijamzalia mtoto. Shemeji zangu walingoja miezi michache, kwa heshima, halafu wakaniambia kwamba kibanja, ile migomba na kahawa yote iliyozunguka nyumba, ni cha ukoo, na mimi si wa ukoo. Nikabeba mkeka wangu, sufuria mbili na khanga zangu, nikapanda kilima kurudi kwetu.

Mama alinipokea akilia. Baba alinionyesha chumba cha pembeni mlimowekwa magunia ya kahawa, akaniambia nipumzike. Nilipumzika juma moja. Jumamosi akaniita uani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, rozari shingoni, na kwenye uzi uleule wa rozari alining'iniza ufunguo wa sanduku lake la bati. Alisema mahari yangu ililiwa zamani, na binti aliyekwisha kutolewa mahari akirudi nyumbani harudi kuwa mtoto, anakuwa mtu anayekaa tu, na anayekaa hulipa. Alikuwa amekwisha kuamua malipo yenyewe. Kila Jumamosi nimletee kipande cha sabuni, urefu wa kiganja changu.

Aliyekuwapo miaka ile anajua sabuni ilikuwa kitu gani. Madukani palikuwa na rafu na muuza duka anayepiga miayo. Chumvi ilikuwa ya kubahatisha na mafuta ya taa ya kusikia. Sabuni ililetwa kwa magendo kutoka upande wa pili wa ziwa, ikifichwa chini ya samaki, na mche mmoja ulikatwa kwa uzi vipande vipande. Sisi wengine tulifua kwa majani ya mpapai. Nguo zikatoka na rangi ya chai, tukazivaa kanisani hivyohivyo.

Sikukataa. Ningekwenda wapi? Mjane asiye na mtoto hapokelewi na mtu, na miaka ile hata mjane mwenye watoto alianza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Chumba kile chenye harufu ya magunia ndicho kilichonitenga na barabara, na baba alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

Lakini ngoja niseme jambo lililonichukiza kuliko sabuni yenyewe. Babu yangu, mzaa baba, aliishi kwenye ardhi ya bwana mkubwa kwa utaratibu ule wa zamani ulioitwa nyarubanja. Unapanda migomba, unazaa, unazeeka, na ardhi si yako. Kila mavuno unapeleka fungu la bwana. Baba alikua akimfuata babu kwenye safari hizo, na tangu nilipopata akili nimesikia hadithi moja kutoka kinywani mwake. Babu alipiga magoti mbele ya bwana, akainua kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mikono miwili. Bwana akanusa. Hakunywa. Akaimwaga kwenye majani, akasema iletwe nyingine. Na babu akashukuru. Baba akifika hapo midomo ilikuwa ikimtetemeka. Serikali iliufuta utaratibu ule, baba akawa mtu juu ya ardhi yake, na nilidhani mtu mwenye hadithi kama hiyo hawezi kamwe kumpigisha mwenzake magoti kwa ajili ya mahali pa kulala.

Basi kila Jumamosi nilipiga magoti. Kwetu mwanamke humsalimu baba yake hivyo, sina ugomvi na salamu. Nikishasalimu nilinyoosha mikono miwili yenye sabuni. Baba aliipokea, akaisogeza puani, akainusa upande huu, akaigeuza, akainusa upande wa pili. Halafu akaingia ndani, nikasikia ufunguo na kifuniko cha sanduku. Mara ya kwanza nilidhani anatania. Mara ya pili nilimtazama usoni nikaona hajui anachokifanya. Alikuwa amevaa pua ya yule bwana bila kujua, na mimi ndiye niliyekuwa babu. Nilikwenda nyuma ya jiko nikatema mate.

Na hiyo sabuni nilitoa wapi? Hapa ndipo pa kuchekesha kwa mwenye moyo wa kucheka. Niliinunua kwa mdogo wangu.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mrithi wa kibanja cha baba, na aliishi palepale nyumbani, katika chumba kikubwa cha mbele, bila kulipa hata chumvi. Alichuuza samaki visiwani. Akirudi alikuja na redio begani na mashati yale ya magendo yaliyoitwa Juliana, na chini ya samaki wake mlikuwa na miche ya sabuni. Mimi nililima njugumawe huko rweya, kwenye mbuga ya majani nje ya migomba, ambako wanawake tuliachiwa tulime maana hapakuwa na mwanaume aliyepataka. Nilimpa njugumawe, akanipa sabuni. Akawauzia wavuvi njugu zangu kwa bei anayojua mwenyewe. Kwa hiyo sabuni iliingia kwa mlango wa mbele mkononi mwa mtoto asiyelipa kodi, ikapita kwangu, ikaishia kwenye sanduku la baba. Ilizunguka ndani ya nyumba moja, na aliyetoa jasho katika mzunguko huo ni mmoja tu. Nilimwambia siku moja anipe kipande cha bure, mara moja tu. Akacheka, akasema, "Dada, biashara ni biashara." Alikuwa na meno mazuri.

Jumamosi moja nilikosa. Mdogo wangu alikuwa amekawia visiwani, na jirani mwenye sabuni hakutaka njugu. Nilipiga magoti mikono mitupu nikaeleza. Baba hakugomba. Alinyanyuka polepole, akaingia chumbani kwangu, akatoa mkeka, sufuria na khanga, akavipanga chini ya mti wa kahawa, vizuri kabisa, kama anayepamba. Kisha akarudi kwenye kigoda akaendelea na rozari. Mvua ikanyesha juu ya vitu vyangu na mimi nimesimama hapo. Mama alisimama mlangoni, mikono kichwani, akitazama tu. Nilimchukia mama siku hiyo, Mungu anisamehe. Nilikaa jikoni na mbuzi mpaka mdogo wangu aliporudi, nikakopa vipande viwili, nikalipa cha wiki ile na cha wiki iliyofuata, ndipo nikarudishiwa chumba.

Nawasikia wale wanawake wa jumuiya wakisema, hayo siyo tunayoyazungumza sisi. Najua. Mtoto mzima na alete sukari. Bati likitoboka, alinunue. Mama akiugua, auze simu yake ampeleke hospitali. Hata mimi nililima, nilipika, nilichota maji ya nyumba nzima, na hakuna aliyeyahesabu kuwa malipo. Ila ukishaweka siku, na kipimo, na ukawa tayari kutoa mkeka wa mwanao nje, basi wewe una mpangaji, na yeye ana mwenye nyumba. Ubaya wake ni kwamba mpangaji naye anajifunza.

Mdogo wangu alirudi kutoka visiwani mara ya mwisho akiwa amebebwa. Shati lilimning'inia kama limeanikwa. Ugonjwa ule watu walikuwa wameubatiza jina la yale mashati, na walilitaja kwa sauti ya chini. Aliharisha mchana na usiku. Tulimtandikia majani ya mgomba, tukaishiwa majani laini, tukarudi kwenye shuka, na shuka zilikuwa nne tu. Majirani waliacha kupita uani kwetu. Mama alikuwa na kifua, hakuweza kuinama. Mgonjwa nilimwosha mimi, nikamgeuza mimi, nikafua mimi. Majani ya mpapai hayaondoi uchafu wa namna ile. Unausogeza tu.

Nilimwomba baba sabuni. Akafungua sanduku, akanipa kipande kimoja. Nilikitambua, kilikuwa na alama ya uzi wangu. Akaniambia, "Utakirudisha." Nilidhani uzee umemchanganya. Nikaosha, nikafua, nikakimaliza kwa siku mbili.

Ikafika Jumamosi. Nilikuwa natoka kuanika shuka, mikono imechubuka, nanuka, na nilijua nanuka. Baba alikuwa kwenye kigoda. Ameketi kama kawaida, anangoja. Sikuamini mpaka aliponyoosha kiganja.

Sikupiga magoti. Nilisimama mbele yake, maji yakinidondoka viwikoni, nikamwambia, "Tata, kodi yako nimeianika kwenye kamba. Nenda kainuse."

Alitetemeka midomo, ileile ya hadithi ya babu. Akasema niondoke kwake siku hiyohiyo. Hapo ndipo mama alipotoka mlangoni, yeye ambaye hakuwahi kumjibu mumewe mbele yangu, akamuuliza, "Akitoka huyu, wewe ndiye utakayemwosha?" Baba akatazama kamba. Akatazama chini.

Asubuhi yake nilikuta ufunguo umetundikwa kwenye msumari wa mlango wangu. Nikafungua sanduku. Vipande vyangu vyote, isipokuwa vichache alivyofulia kanzu yake ya Jumapili, vilikuwa vimepangwa kama matofali, vimekauka na kupasuka. Hakuwa na haja navyo. Kama angevihitaji ningemsamehe nusu. Vilikaa mle gizani, na mama yangu anafua kwa majani.

Mdogo wangu aliishi miezi minne mingine. Katika siku zake za mwisho aliniuliza kama bado namdai njugu zangu. Nilimwambia biashara ni biashara, tukacheka wawili, yeye bila sauti. Kipande cha mwisho tulioshea maiti yake.

Matanga yalipokwisha baba aliniita. Alikuwa amekonda naye, macho mekundu, nikamwonea huruma, nikapiga magoti. Akasema chumba cha mbele sasa ki wazi, na ni kikubwa kuliko changu. Nilidhani anataka kuniomba radhi. Kisha akasema, "Hicho ni vipande viwili."

Juma lile nilishuka Bukoba. Nilipika shuleni Kahororo miaka mingi, nikanunua kiwanja hapa Nshambya, nikajenga chumba baada ya chumba, na kila tofali nililijua kwa sura. Kama hadithi ingeishia hapo, ningewasimulia wale wanawake Jumapili, nikanywa chai yangu nikaondoka nimenyoosha shingo.

Mama alikufa. Kibanja kilikwenda kwa mtoto wa baba mkubwa, maana mrithi alikuwa kaburini na binti harithi. Mrithi mpya alimvumilia baba mwaka mmoja, halafu akamleta kwangu na mfuko mdogo, akasema mzee anahitaji kuwa karibu na hospitali. Nilimpa baba chumba cha nyuma. Nilimpikia ndizi laini. Hatukuzungumza ya zamani hata neno.

Jumamosi ya kwanza nilikuwa nimekaa barazani nachambua maharage. Alitoka chumbani akishika ukuta. Sabuni wakati huo ilikuwa imejaa kila kibanda, ya bluu, ya njano, ya kunukia, hata mtoto akitumwa anarudi nayo. Alikuwa na kipande kimoja, sijui alimwomba nani, amekikata kwa uzi, urefu wa kiganja. Akajaribu kupiga magoti. Goti moja likafika chini, la pili likakataa. Akabaki hivyo, ameinama upande, mikono miwili mbele.

"Nikae, waitu?" akasema.

Waitu ni neno la mtu wa chini kwa mkubwa wake. Baba yangu alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nayo kwa miaka yote ile. Tata, inuka. Tata, hapa ni kwako. Yalikuwa maneno mepesi, na yalifika mpaka kwenye meno.

Nikaipokea sabuni kwa mkono mmoja. Nikainusa upande huu, nikaigeuza, nikainusa upande wa pili. Baba akashukuru.