Tikiti ya Korongo

Juzi niliikuta karatasi ile ndani ya Biblia ya mama, imechanika kwenye mikunjo. Utotoni niliamini ni tikiti. Tulitoka mtaani kwetu Malvern alfajiri, gari likinuka chapati na petroli, na kila polisi aliyetusimamisha katika jangwa la Karoo, baba, tuliyemwita papa, alimpa karatasi hiyo kwa mikono miwili. Alasiri tukafika kwenye korongo la mawe mekundu. Upepo ulipanda kutoka chini, ukinuka vumbi la moto.

“Papa, hapa hawaangalii tikiti?”

“Hapa hakuna wa kuuliza, mtoto wangu.”

Akavua viatu, akakaa. Mama alimwita mara tatu, hakusogea. Nilidhani amependa mawe. Kumbe karatasi ile ilikuwa kibali chetu cha ukimbizi, na tulikuwa njiani kwenda Cape Town kuomba tena turuhusiwe kubaki nchini.