Nyumba ya Baba Wadogo

Darasa la tatu hawaelewi mali ya wengi ukiwaeleza kwa mdomo tu. Katika shule yetu ya Kiseke, inayofundisha kwa Kiingereza, huwa nawavua wasichana masweta na kuyarundika mezani. Masweta haya ni ya nani? Wakijibu ni ya wasichana, naliandika jibu ubaoni kwa Kiingereza na kuwaonyesha ile alama ndogo ya juu, apostrofi: mwenye mali akiwa mmoja inakaa kabla ya herufi s, wakiwa wengi inakaa baada yake. Kisha kila mtoto anachukua lake na kurudi kukaa. Hakuna anayekosa.

Mwaka huu nililifundisha somo hilo nikiwa nimetoka kumzika mume wangu kwao Kagera. Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa chini ya turubai ukatangaza mrithi. Nimezaa binti mmoja tu, kwa hiyo mrithi akawa mdogo wa kiume wa marehemu, mtu ambaye hakuwahi kubeba hata tofali moja la nyumba yetu ya Mkolani. Mimi nilisomba maji ya kufyatulia matofali hayo nikiwa na mimba.

"Usilie, shemeji," aliniambia huku akila ndizi nilizopika. "Nyumba haijapotea. Ni yetu sote kwenye ukoo."

Sote! Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi baada ya ndoa yote ile nilikuwa bado kuku mgeni. Funguo, yeye na ndugu zake waliziomba kwa adabu kabisa, wakatanguliza pole. Adabu yao ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Binti yangu yumo darasani kwangu. Shuleni ananiita mwalimu, kama wenzake. Siku hiyo, masweta yaliporudi kwa wenyewe, niliomba mifano mingine. Nikapewa vikombe vya walimu, nikapewa nyavu za wavuvi. Naye akanyoosha kidole, akaja ubaoni, akaandika kwa Kiingereza, taratibu, kwa mwandiko niliomfundisha mwenyewe: nyumba ya baba zangu wadogo. Alama akaiweka mahali pake hasa.

Nilitamani kufuta ubao mzima. Lakini watoto walikuwa wananitazama, na jibu halikuwa na kosa, kwa hiyo nikaliwekea vema. Darasani kwetu anayepata hupigiwa makofi, na mwalimu ndiye anayeanzisha. Nikaanzisha.